Ng'ombe Mmoja, Bima Tatu

Sogeeni karibu, hata nyinyi mlioegemea ukuta kule nyuma, kwa sababu hii si hadithi ya kumlaza mtoto. Hii ni kesi. Wahusika ninao, ushahidi ninao, hakimu ndiye sina. Nimeizungusha kichwani mpaka nimechoka nayo, kwa hiyo leo nawakabidhi nyinyi.

Katika kijiji cha Nyabisembe, kule milimani kwenye migomba na mvua, palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Nyanchera, mjane, muuza ndizi. Kipawa chake ni kukaa. Msicheke. Kuna watu wanajua kuimba na kuna watu wanajua kucheza mpira. Nyanchera anajua kukaa. Ukimwambia rudi kesho, anakaa. Ukimwambia mkubwa ametoka, anakaa. Fundi cherehani mmoja aliwahi kumchelewesha sare ya shule ya mtoto wake, Nyanchera akaenda akaketi kwenye kizingiti cha duka, hakugomba, hakutukana, alikaa tu na kumwangalia. Fundi aliweka kando kazi za watu wote akashona ile sare huku jasho linamtiririka.

Wa pili ni Ogeto, mfugaji, kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Kipawa chake ni mkono wake kwa wanyama. Fahali mkali anayetawanya watu mnadani, Ogeto akimshika kamba anamfuata polepole kama shemeji anayesindikizwa.

Wa tatu ni Mogire, mwenye mashine ya kusaga unga pale senta, penye maduka. Kipawa chake ni kuaminiwa. Amesaga mahindi ya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba unga umepungua. Mogire akisema leo ni Jumapili, hata kama ni Alhamisi, utaona watu wanatafuta nguo za kanisani.

Sasa, hawa watu watatu walikuwa na ng'ombe mmoja.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Senta, kwa sababu alinunuliwa senta. Aliyemnunua ni Nyanchera, kwa jasho la ndizi. Lakini shamba la Nyanchera limejaa migomba mpaka mlangoni, hakuna hata mahali pa ng'ombe kugeuza kichwa. Basi akafanya tunavyofanya kwetu: akampeleka Senta kwa Ogeto amlee. Ogeto anakata majani, anamwogesha dawa ya kupe, anamkamua, na maziwa ni yake. Ng'ombe anabaki wa Nyanchera.

Halafu Senta akaugua homa ya kupe. Akalala chini, masikio yamepoa, na Nyanchera hakuwa na kitu. Mogire ndiye aliyemwita daktari wa mifugo na kununua dawa yote, na Senta akasimama. Kwetu, mtu akikuokolea ng'ombe aliyekuwa anakufa, unampa mguu. Si mguu wa kukata na kula. Maana yake ndama jike wa kwanza atakayezaliwa ni wake, akishamchukua, mguu umekwisha. Kwa hiyo Mogire alikuwa na mguu, na Senta alikuwa na mimba.

Hakuna aliyewahi kugombana. Ukimuuliza Nyanchera kama ana ng'ombe, anasema ninaye. Ukimuuliza Ogeto, anasema ninaye. Ukimuuliza Mogire, naye anasema ninaye. Na hakuna aliyedanganya. Tena kwetu ukiulizwa kuhusu ng'ombe wa namna hiyo ukamkana, umefanya jambo baya. Mlezi akimkana, watu watauliza amempeleka wapi. Mwenye ng'ombe akimkana, amemtupa. Na mwenye mguu akimkana, ni kama ameitemea mate ile shukrani aliyopewa.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo taabu ilipoingilia.

Bima ya afya ilikuwa moja kwa wote. Mwenye gari na mwenye jembe walilipa sawa, na watu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Basi sheria ikabadilishwa. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa zahanati, na nililisoma mwenyewe, sikumuuliza mtu, mpaka ule mstari wa chini wa herufi ndogo nikaumaliza. Lilisema hivi: kila nyumba italipa kulingana na ilicho nacho. Wanyonge watashushiwa. Sasa kuna neno gani gumu hapo? Hakuna. Nikasimama pale nikawasomea na wengine, na watu wakaenda nyumbani wamefurahi.

Aliyefurahi kuliko wote ni Ogeto, kwa sababu mkewe, Bochaberi, alikuwa na mimba. Mtoto wao wa kwanza, Kemunto, alizaliwa kwa kupasuliwa, na ilikuwa nusura mama aende. Daktari alimwambia Bochaberi maneno ambayo hata mtoto anayaelewa: ukipata mimba nyingine usijaribu nyumbani, usijaribu zahanati, njoo hospitali kubwa tukupasue kabla uchungu haujaanza. Bila bima hai, upasuaji ule unamaliza nyumba. Kwa bima ya zamani Ogeto alikuwa anakwamakwama, analipa, anashindwa, analipa tena. Sasa akasema, bima ikishuka nitalipa ya mwaka mzima mara moja, mke wangu aende hospitali kifua mbele.

Akaja binti mmoja wa ofisi ya bima na simu, nyumba kwa nyumba, akiuliza maswali. Mnalala chini ya bati au nyasi? Mnawasha taa ya nini? Choo ni cha namna gani? Mna ng'ombe?

Nyanchera akasema, ninaye, mmoja.

Ogeto akasema, ninaye, mmoja.

Mogire akaitaja mashine yake ya kusaga, kwa sababu ni mtu mkweli, kisha akasema, na ng'ombe ninaye, mmoja.

Baada ya wiki chache ujumbe ukaingia kwenye simu zao. Nyanchera na Ogeto walikuwa wamepandishwa juu ya ile bima ya zamani, wamewekwa karibu na walimu wenye mshahara. Mogire alikuwa amepandishwa kwa ajili ya mashine, halafu akapandishwa tena kwa ajili ya ng'ombe. Ogeto aliusoma ule ujumbe, akaizima simu, akaiwasha, labda ungekuja tofauti. Ukawa ule ule.

Redioni nasikia wasomi wanabishana kama sheria mpya imeshusha bima ya mtu mmojammoja au imeipandisha. Wangekuja Nyabisembe tungewaambia. Kwetu imepanda kwa ng'ombe mmoja.

Wakapiga ile namba ya malalamiko. Mkisikia muziki wa ile namba mtauota. Mwishowe sauti ikawaambia kila mmoja atume picha ya ng'ombe akiwa nyumbani kwake. Wakaona hilo ni jema, watu wa ofisini wataona kwa macho yao kwamba ni mnyama yule yule. Senta ana sikio la kushoto lililochanika na baka jeupe kwenye paji, hata kipofu akimpapasa atamjua. Ogeto akamswaga mpaka kwa Nyanchera, picha ikapigwa kwenye migomba. Akamswaga mpaka senta, picha ikapigwa mbele ya mashine ya Mogire. Akamrudisha kwake, picha ikapigwa zizini. Majibu yakarudi siku hiyo hiyo, upesi kuliko kitu chochote ambacho wale watu waliwahi kufanya. Asante, umethibitishwa. Ng'ombe: mmoja. Kila mtu akapata lake.

Yaani kabla ya hapo walishukiwa tu kuwa na mali. Sasa walikuwa matajiri wenye picha.

Na tumbo la Bochaberi halikuwa linasubiri malalamiko yaishe. Nyanchera alimkuta kisimani ameinama kushika ndoo, akamnyang'anya ile ndoo. Akamwambia, "Mama Kemunto, nenda ukakae. Mimi pia naenda kukaa, lakini mimi naenda kukaa mjini."

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari yao, na sasa msikilize vizuri alichofanya kila mmoja, kwa sababu ndicho mtakachoulizwa.

Nyanchera alikwenda ofisi ya bima mjini akaketi kwenye benchi. Wakamwambia malalamiko ni kwa simu. Akakaa. Wakamwambia mkubwa yuko kwenye mkutano. Akakaa. Asubuhi akifungua ofisi mfagizi anamkuta ameshafika, jioni wakifunga anaondoka wa mwisho. Wale makarani walianza kupita mlango wa nyuma ili wasikutane na macho yake. Mwisho mkubwa mwenyewe, Bwana Kisilu, mtu wa miwani na suti ya kijivu, akatoka akamuuliza anataka nini hasa. Nyanchera akamweleza habari za Senta, mwanzo mpaka mwisho. Kisilu akasikiliza, akakuna kichwa, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho, lakini akifika huyo ng'ombe akamwona, atafungua kesi yao upya. Siku zote hizo, meza ya Nyanchera sokoni ilikuwa tupu. Aliporudi alikuta mwanamke mwingine amepanga nyanya juu yake, na wateja wake wameshamzoea.

Ogeto alimleta ng'ombe. Alitoka Nyabisembe alfajiri, akampitisha Senta barabara ya lami, katikati ya malori na pikipiki, ng'ombe mwenye mimba, mpaka mjini, na hakuna hata mahali alipoteleza. Askari wa getini akakataa katakata. Akasema hii ni ofisi ya bima ya watu. Ogeto akamwambia huyu ng'ombe amelipishwa bima mara tatu, hakuna mtu humo ndani aliyelipa kumshinda, kwa hiyo afunguliwe. Askari akacheka mpaka akashika tumbo, akafungua. Kisilu akatoka na mkoba wa picha, akatazama sikio, akatazama baka, akatazama picha, akasema ni yule yule. Wakati huo Senta alikuwa anamaliza maua ya mbele ya ofisi. Ogeto akaambiwa apande mengine, na kwa kuyapanda na kuyamwagilia alikosa siku za kulima, mvua zikampita shamba halijapandwa. Majirani zake mahindi yalishafika magotini.

Mogire alileta neno. Kisilu alisema macho yake hayatoshi, anahitaji chifu na majirani waje waseme mbele yake kwamba ndivyo ng'ombe anavyoshikwa kwetu, isije ikaonekana watu watatu wamepanga kuficha mali. Chifu alikuwa ameapa kwamba habari za bima hazigusi tena, alishatukanwa vya kutosha. Majirani nao waliogopa kwamba wakienda wataulizwa na wao wana ng'ombe wangapi. Ni Mogire peke yake ambaye wangemfuata. Akafunga mashine huku magunia yamepanga foleni, akazunguka nyumba kwa nyumba, akawakusanya, akawapeleka mjini kwa gharama yake. Wakasema, wakaaminiwa. Huku nyuma kijana mmoja alikuwa amefungua mashine mpya ng'ambo ya mto, na watu wenye njaa hawasubiri. Wengi hawajarudi kwa Mogire mpaka leo.

Mnaona? Bila Nyanchera kukaa, mlango usingefunguka. Bila Ogeto kumleta Senta, hakuna ambaye angeamini. Bila Mogire, chifu angekuwa bado amelala. Mtoe mmoja tu, kazi yote inaanguka. Na kila mmoja amepoteza chakula chake kwa ajili hiyo.

Siku ya mwisho waliitwa wote watatu ofisini kwa Kisilu. Bochaberi naye akaja, kwa sababu ilibidi aweke kidole kwenye mashine ya alama za vidole. Alikaa nje kwenye benchi la Nyanchera, chini ya dirisha, na mfuko wa nguo za mtoto magotini. Hospitali iko mjini hapo hapo, ukitoka geti unaliona paa lake. Daktari alishamwambia aje wiki hiyo, asiipitishe.

Kisilu akafungua kompyuta. Akawaambia habari njema: kosa limeonekana, limekubaliwa, linaweza kurekebishwa leo. Wakashikana mikono.

Kisha Kisilu akavua miwani.

"Lakini ng'ombe yupo," akasema. "Nimemwona, amekula maua yangu. Siwezi kuandika hayupo. Hii mashine haijui mlezi, haijui mguu. Inajua mtu na ng'ombe wake. Wawili nitawatoa, bima yao itashuka leo hii. Mmoja atabaki naye, na bima yake itabaki pale juu. Niambieni niandike nani. Na iwe leo, kwa sababu marekebisho yanafungwa jioni mpaka mwaka ujao."

Jamani, watu wale miaka yote walikuwa wanasema ninaye, ninaye. Sasa ungewaona wanavyopeana yule ng'ombe kama kaa la moto.

Ogeto ndiye aliyeanza, kwa heshima, akimtazama Nyanchera. "Mama, ng'ombe ni wako. Sisi sote tunajua ulivyomnunua. Mimi ni mlezi tu. Maziwa ni malipo ya majani ninayokata."

"Ni wangu," Nyanchera akasema. "Sijakataa. Lakini niambie, baba, huyo ng'ombe wangu nimewahi kumtia kwenye chai? Mimi nakunywa ya rangi. Kemunto wako ameota meno kwa maziwa ya Senta. Anayekunywa ndiye alipie."

Ogeto akasema kwa sauti ya chini kwamba mfukoni ana pesa za ile bei ya chini tu, hana hata senti ya juu yake, na kwamba wakimwandika yeye, yule aliye pale nje hatapasuliwa kwa bima. Akasema hilo tu, akatazama sakafu.

Nyanchera akasema analijua hilo, na ndilo lililompeleka kukaa benchini wakati hata yeye mwenyewe ni mgonjwa wa presha na dawa zake zinategemea bima hiyo hiyo. Akasema meza yake sokoni imekwenda. Akauliza, aandikwe yeye, alipe na nini? Amuuze Senta ili apate ya kulipia bima ya Senta? Siku ya mnada ni baada ya marekebisho kufungwa, na hata akimuuza, ng'ombe mwenye mimba anauzwa kwa hasara, na yeye atakuwa ameuza kitu pekee alichonacho kwa sababu mtu alimwambia bima imeshuka.

Hapo wote wawili, bila kupanga, wakageuka kumtazama Mogire.

Mogire aliona. "Ee," akasema. "Nilijua mtafika kwangu."

Nyanchera akamwambia hakuna ubaya, lakini tuseme ukweli, katika watu watatu hawa ni wewe peke yako unayeweza kulipa ya juu na jioni bado ukala.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuweza," Mogire akasema. "Mashine ya kusaga niliitaja kwa mdomo wangu mwenyewe na bima yake nalipa, juu kuliko nyinyi wote. Sasa nibebe na ng'ombe. Tena si ng'ombe, ni mguu. Ndama mwenyewe hajazaliwa, anaweza kuwa dume, nikakosa. Mnanilipisha kwa mnyama ambaye bado yuko tumboni, na niliyemwokoa mama yake ni mimi. Ningemwacha akafa, leo hii sote watatu tungekuwa na bima ya chini."

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa la kuudhi.

Ogeto akajaribu njia nyingine. Akasema, tugawane ile nyongeza mafungu matatu. Kisilu akasema mtakavyochangiana nje ni shauri lenu, yeye ataandika jina moja. Mogire akapiga hesabu kwenye vidole, kama anavyopiga vibaba. Akapiga tena. Akasema wakigawana, Nyanchera na Ogeto wanarudi pale pale ilipokuwa bima ya zamani.

Nyanchera akacheka, cheko la mtu aliyeibiwa. Akasema, yaani nimekaa kwenye benchi hilo mpaka nguo zimechakaa, huyu amevuka mji na ng'ombe, wewe umepoteza wateja, ili tufike pale tulipokuwa kabla hawajatusaidia? Na Ogeto, hata hiyo ya zamani, leo hii mfukoni anayo? Ogeto akatikisa kichwa.

Tena Kisilu akaongeza jambo, si kwa ubaya, ndivyo kazi yake ilivyo. Akasema atakayeandikwa, mkaguzi atakwenda kwake kuangalia kama ng'ombe analala pale. Asipomkuta, itaonekana ni udanganyifu, na wote watatu watarudishwa juu. Kwa hiyo akiandikwa Mogire, Senta anaondoka kwa Ogeto, Kemunto anakosa maziwa, na mbele ya serikali ng'ombe wa Nyanchera anakuwa wa mtu mwingine. Akiandikwa Nyanchera, Senta atalala wapi, juu ya migomba? Akiandikwa Ogeto, Senta anabaki zizini kwake ameshiba, na Bochaberi hana bima.

Mimi hapo ndipo ninapokasirika. Sikasiriki na Kisilu, aliwasikiliza, wangapi wangewasikiliza? Sikasiriki na sheria hata, maana maneno yake niliyasoma na yalikuwa mazuri. Nakasirika kwamba majirani waliokuwa wanashirikiana ng'ombe bila karatasi, bila ugomvi, wameletewa msaada, na msaada umewakalisha mezani kila mmoja anamsukumia mwenzake. Wawili imeshuka, mmoja imepanda. Halafu mtu akuulize, imeshuka au imepanda? Utamjibu nini, kama hujui wewe ni yupi katika watatu?

Sauti ikaja kutoka dirishani. Ilikuwa ya Bochaberi, na haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka kukaa.

"Mkimaliza mniambie," akasema. "Nivuke barabara niende hospitali, au nirudi na Ogeto nyumbani."

Kisilu akavaa miwani yake. Akaweka kidole juu ya kompyuta.

"Niandike nani?"

Na mimi nawaachia hapo hapo, kidole kikiwa bado hewani.

Kuna atakayesema aandikwe Nyanchera, kwa sababu mali ni yake, na mwenye mali ndiye mwenye mzigo wake. Kuna atakayesema aandikwe Ogeto, kwa sababu faida ya kila siku ni yake, na haifai mtu anywe maziwa mwingine alipie. Kuna atakayesema aandikwe Mogire, kwa sababu anaweza, na katika ugonjwa anayeweza huwabeba wasioweza. Nimewasikia wote. Wa kwanza namwamini mpaka aongee wa pili.

Lakini msijibu kama watu waliokaa kwenye kivuli. Jibuni mkijua kuwa wote watatu walifanya kazi sawa kuishusha ile bima, kwamba wote watatu wamelipa kwa chakula chao, na kwamba ziko nafasi mbili tu za kushuka. Na jibuni upesi kidogo, kwa sababu mwanamke yuko kwenye benchi na jioni inaingia.

Haya, wewe hapo. Ungekuwa ni wewe unayeulizwa, ungemnyima nani?